Kabla ya Kuuliza Terabaiti, Uliza Kilo

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi zimenibana kweli kweli, lakini kuna jambo limenikaa rohoni na leo nalitoa. Wale mliozoea kuja hapa kusoma mambo ya hifadhidata na programu huria mtanivumilia, maana leo sitaandika hata mstari mmoja wa msimbo. Leo ni chuma tupu. Nataka tuzungumze juu ya uzito.

Hoja yangu naiweka hapa juu ili mwenye haraka asome aende zake. Taasisi yoyote hapa Kenya inayonunua sanduku la diski la kufungwa kwenye raki ya seva inapaswa kuandika katika zabuni yake uzito wa sanduku hilo kwa kilo, iandike ni nani atakayeliinua na kwa kifaa gani, na iandike kwamba litainuliwa likiwa tupu, diski zikiwa pembeni. Basi. Nimesoma zabuni nyingi za vifaa vya kompyuta (kuna watu wanaosoma riwaya, mimi husoma zabuni, kila mtu na ugonjwa wake) na humo utakuta terabaiti ngapi, kasi ya diski, aina ya kebo, dhamana ya miaka mingapi, mpaka rangi ya kifuniko. Kilo hukuti.

Kwa wasiowahi kuingia chumba cha seva, raki ni kabati refu la chuma lisilo na rafu. Vifaa vyake vina upana wa inchi 19, na kimo chake hupimwa kwa kipimo kinachoitwa U. U moja ni inchi 1.75, yaani milimita 44.45. Raki kubwa ya kawaida ina U 42. Seva nyingi ni za U 1 au U 2, na mtu mmoja au wawili wanaibeba bila matatizo. Sanduku la diski ni mnyama mwingine. Kwa nje linafanana na droo ya chuma yenye kimo cha U 4. Ndani hakuna akili nyingi, ni diski tu zimesimamishwa safu kwa safu kama mayai kwenye trei. Yapo ya diski 60 na yapo ya diski 102. Linaunganishwa na seva kwa kebo, na seva ndiyo inayofikiri. Kazi ya sanduku ni kushika.

Hebu tupige hesabu ya dukani. Diski moja kubwa ya seva, ile ya inchi 3.5, ina gramu 700 hivi. Chini ya pakiti ya sukari ya kilo moja. Lakini diski 60 ni kilo 42, na diski 102 ni kilo 71. Hapo hujahesabu bati lenyewe, feni, vifaa vya umeme na reli. Sanduku la diski 60 likijaa hucheza kwenye kilo 80 na ushee, na lile la 102 linapita kilo 100.

Gunia la mahindi hapa kwetu ni kilo 90. Kwa hiyo kuna watu watasema, ah, mbona vijana wanabeba magunia Nairobi nzima? Ndiyo, wanabeba, na migongo yao inalipa. Halafu gunia hulegea, hulala begani, na likianguka unaokota mahindi unaendelea. Sanduku la diski ni chuma chenye kingo kali, lina urefu wa karibu mita moja kwenda ndani, halina pa kushika pa maana, na ni lazima liingie kwenye reli mbili kwa usahihi wa milimita huku mmelishikilia hewani. Hakuna gunia linalodai hivyo.

Taasisi ya Marekani inayotafiti usalama kazini, NIOSH, katika kanuni yake ya kuinua mizigo iliyorekebishwa mwaka 1991, inaanza na kilo 23 kama kikomo cha mtu mmoja. Na hizo ni kilo 23 katika hali nzuri kabisa: mzigo karibu na mwili, kwenye kimo cha kiuno, bila kujipinda. Ukinyoosha mikono au ukiinua hadi mabegani, kikomo kinashuka. (Waliowahi kusafiri wataikumbuka namba hiyo, ndiyo ile ya begi la ndege kwa mashirika mengi.) Sasa chukua sanduku la kilo 84 ugawanye kwa 23. Unapata watu wanne. Lakini simama mbele ya raki uone kama watu wanne wanaenea. Sanduku lina upana wa chini ya nusu mita, na njia kati ya raki na raki mara nyingi ni ya kupita watu wawili wakibanana. Hesabu inataka wanne, nafasi inaruhusu wawili. Hapo ndipo watu huumia.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini jambo hili halionekani, na nadhani sababu ni kwamba uzito huu ni wa katikati. Mwaka 1956 IBM walipotoa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ngumu, kabati lake la diski lilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, likabeba herufi milioni 5 na kupita uzito wa tani moja. Kuna picha maarufu ya kabati hilo likipakiwa kwenye ndege. Hakuna aliyefikiri kuita vijana wawili walibebe! Tani moja inajitangaza yenyewe. Diski ya gramu 700 nayo haimtishi mtu. Hatari iko kwenye kilo 80, ule uzito ambao watu wawili karibu wanauweza. Wakijaribu mara tano, nne watafaulu, na kila wakifaulu inakuwa mazoea.

Na uzito huo si mpya. Mwaka 2006 kampuni ya Sun Microsystems ilitoa mashine iitwayo Sun Fire X4500, ikijulikana pia kwa jina la Thumper. Diski 48 ndani ya U 4, terabaiti 24, kilo 77 hivi. Mwaka 2009 Backblaze wakatoa hadharani mchoro wa sanduku lao jekundu, diski 45, terabaiti 67, kila mtu ajitengenezee akitaka. Mimi nilikuwa mtoto wa shule wakati huo, nimeyajua haya baadaye chuoni. Lakini angalia: toka hapo mpaka leo diski moja imekua kutoka nusu terabaiti hadi terabaiti 20 na zaidi, na sanduku limebaki zito vile vile. Wakubwa wakiona terabaiti zinaongezeka ndani ya U 4 zile zile wanadhani vitu vinakuwa vyepesi. Kwa terabaiti moja, ni kweli, vimekuwa vyepesi mno. Kwa mgongo wa mtu, hapana.

Sasa niwaambie nilichokiona kwa macho yangu, ndicho kimenifanya niandike.

Ilikuwa ofisi moja jijini Nairobi, sitaitaja. Mimi nilikuwepo kwa sababu mfumo wetu ndio ungetumia hizo diski. Muuzaji alileta sanduku juu ya paleti, diski zote 60 zikiwa zimeshapachikwa. Chumba cha seva kilikuwa orofa ya tatu, na siku hiyo lifti ilikuwa inafanya kazi, tumshukuru Mungu. Fundi wa muuzaji alikuwa mmoja tu, na bisibisi yake. Alipofika akatoka hadi getini, akarudi na watu wawili wa mkokoteni. Mmoja alikuwa kijana. Mwenzake alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mabega ya mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote. Huyu mkubwa akalizunguka sanduku taratibu, akaligusa kwa mguu, kisha akauliza:

"Boss, hii ni kilo ngapi?"

Kimya. Fundi hakujua. Mhandisi wa ofisi hakujua. Afisa wa ununuzi alikuwa na faili zima mkononi, akapekua kurasa, akakuta terabaiti. Ni mimi niliyeinama nikasoma ubavu wa katoni: kilo 84, na chini yake picha mbili ndogo, moja ya watu wanne, nyingine ya jeki. Nikamsomea. Nikamwambia fundi kwamba tutoe diski kwanza. Akasema hapana, wamezoea, ni kazi ya dakika tano.

Yule mzee wa mkokoteni akasema neno ambalo sijalisahau. "Themanini na nne mimi nabeba kila siku, lakini nabeba na mgongo. Hii nitaishika wapi?"

Hakujibiwa. Sanduku lilikuwa limepangiwa U 30, kwa sababu ndipo palikuwa na nafasi wazi kwenye mchoro. Piga hesabu: U 29 chini yake mara sentimita 4.445, ongeza kitako cha raki, unafika karibu mita 1.4. Mabegani kabisa. Wakainua, watatu na fundi. Upande wa kushoto ukaingia kwenye reli, wa kulia ukakataa. Sanduku likainama, kona ikashuka kama shubiri moja juu ya seva iliyokuwa chini, na mkono wa yule mzee ulikuwa hapo katikati. Vidole viwili.

Tulimpeleka kliniki. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo, wasomaji. Ofisi ikasema huyu si mfanyakazi wetu, ni wa muuzaji. Muuzaji akasema si wetu, ni kibarua tu wa getini. Jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote, si zabuni, si stakabadhi ya mzigo, si daftari la wageni. Bili ililipwa kwa mchango wa watu waliokuwa kwenye kile chumba, noti mbili tatu kila mmoja. Miezi miwili baadaye nilikutana na yule kijana mwenzake, akaniambia mzee bado hajarudi kwenye mkokoteni, maana mkokoteni unavutwa kwa mikono miwili. Ofisi wakati huo ilikuwa imefanya vikao viwili kuhusu sanduku lililobonyea.

Diski tatu zilikufa katika wiki sita za kwanza. Sitasema ni kwa sababu ya kuanguka, diski hufa zenyewe na mfumo wetu uliandaliwa kuvumilia hilo. Nasema tu kwamba mwisho wa yote sanduku lilitolewa, likafungwa upya chini, U 5, na safari hii diski zilitolewa kwanza. Kazi nzima ilichukua dakika 50.

Tunayo sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao uzito wake unaweza kumuumiza, na mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini. Karatasi tunazo. Lakini sheria inahitaji mahali pa kushikia, kama lile sanduku, na mahali hapo ni jina la mtu na uzito wa mzigo vikiwa vimeandikwa kabla ya kazi kuanza. Afisa wa ununuzi akiandika "kufikisha na kufunga" bila kusema kilo wala mbebaji, amefungua mlango wa kila mmoja kumsukumia mwenzake. Wakulima wa viazi wanaijua vizuri habari hii, wamepigania gunia la kilo 50 miaka na miaka, na kanuni za viazi za 2019 zikaliandika. Kwao shida ilikuwa hasa kupunjwa na madalali, lakini somo ni lile lile kwetu. Kipimo kisichoandikwa huliwa na mwenye nguvu.

Sasa, kazi yenyewe hufanywaje? Nitaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu najua kuna mafundi na wanafunzi wanaosoma hapa.

Anza na mahali. Sanduku la namna hii hupachikwa diski kutoka juu, kwa hiyo kila diski ikifa unalivuta lote nje kama droo ya kabati la nguo, unachungulia ndani, unabadilisha. Likiwa U 30 utahitaji ngazi ili uone ndani, na kilo 84 zitakuwa zimening'inia mbele ya raki kwenye kimo cha bega. Raki ambayo haijafungwa sakafuni wala haina miguu ya kuizuia inaweza kukuangukia yenyewe na vyote vilivyomo. Kwa hiyo chini, na droo moja tu kwa wakati mmoja. Najua betri za UPS nazo hudai chini. Basi gawaneni huko chini, lakini zile seva nyepesi za U 1 ndizo zipande. Anayechora raki asijaze mapengo kama anayecheza bao, aanze na vizito.

Halafu sakafu. Masanduku kumi ya diski 102 katika raki moja ni zaidi ya tani moja, imesimama juu ya miguu minne midogo. Ofisi nyingi hapa mjini ziko kwenye orofa za kupanga zilizojengwa kwa ajili ya meza na viti. Muulize mhandisi wa jengo kabla ya kulipa. Zaidi ya hapo sitaingia, si taaluma yangu.

Reli ndizo zinazoua watu kwa uvivu. Kila U moja ina matundu matatu kwenye nguzo ya raki. Ukikosea tundu moja tu upande mmoja, reli moja inakuwa juu kidogo ya mwenzake, na hutagundua mpaka sanduku liwe mikononi mwenu. Pale kwenye ile ofisi ndicho kilichotokea: kulia kulikuwa juu kwa tundu moja. Hesabu kutoka chini, pande zote mbili, mbele na nyuma, weka alama kwa chaki au utepe, kisha mtu mwingine ahesabu tena. Ni dakika tatu.

Kisha toa diski zote. Zikirudi kwenye katoni zake, katoni ya diski 20 ni kilo 14 hivi, mtu mmoja anabeba akiimba. Toa na vifaa vya umeme, navyo hutoka kwa kuvuta tu. Lile sanduku letu la kilo 84 lilibaki na kilo 38. Watu wawili, kilo 19 kila mmoja, kwenye kimo cha goti hadi kiuno. Umeona? Bila mashine yoyote, bila shilingi moja ya ziada, tumeshuka chini ya zile 23. Ukiwa na jeki ya kuinulia seva, ile ya magurudumu inayopanda kwa mkono, ndiyo vizuri zaidi, na mahali pa juu ni lazima. Usiachie mpaka usikie reli zote mbili zimeita "kla" na kufunga.

Kurudisha diski, mimi huanza na safu zilizo karibu na raki nikija mbele, ili uzito usikimbilie nje. Mtengenezaji akiwa na mpangilio wake kwenye kitabu, fuata kitabu. Kama ni sanduku linalohamishwa lenye data ndani, andika namba ya tundu juu ya kila diski kabla hujaitoa. Wapenzi wa ZFS watanirukia hapa, kwamba ZFS humtambua kila mwanawe popote alipokaa. Ni kweli. Lakini kuna vidhibiti vingine visivyo na upole huo, na kalamu haigharimu kitu.

Kuhusu kutikiswa, mtafuteni Brendan Gregg. Mwishoni mwa 2008, akiwa mhandisi wa Sun, alirekodi video akiyapigia masanduku ya diski kelele kwa sauti yake tu, na grafu ikaonyesha muda wa kusoma na kuandika ukipanda pale pale. Kelele ya binadamu! Diski iliyozimwa huvumilia zaidi kuliko inayozunguka, sikatai. Lakini mwenye kuangusha sanduku shubiri nzima kisha akaliwasha jioni ile ile ana imani kubwa kuliko yangu.

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza ni kwamba mambo yote yanahamia kwenye wingu kwa hiyo naandika juu ya kitu kinachokufa. Kwa biashara ndogo, nakubali, kodi seva ulale. Lakini kituo cha Amazon cha bara hili kiko Cape Town, kikiwa kimefunguliwa 2020, na huko pia kuna mtu ameinua masanduku. Wingu lina kilo. Tofauti ni kwamba wale wanaofanya kazi hiyo kila siku wanaheshimu uzito. Amazon walipotengeneza Snowball Edge mwaka 2016, sanduku la kusafirisha data kwa lori, lilikuwa na kilo 22 na nusu hivi. Chini kidogo ya 23. Sidhani ni bahati.

Jibu la pili ni lile la fundi, kwamba wamezoea. Sina la kumwambia zaidi ya dakika 50 dhidi ya vidole viwili.

La tatu linatoka kwa wenzangu watengenezaji wa programu, nalo ndilo linaloniudhi zaidi: kwamba haya ni mambo ya watu wa vifaa, sisi tuandike msimbo. Haya, tuandike. Sanduku la diski 60 za terabaiti 20 lina terabaiti 1,200 kwa kilo 84. Hiyo ni gramu 70 kwa kila terabaiti, bati likiwemo. Naijua timu moja inayotunza terabaiti 200 za kumbukumbu za mfumo za miaka minne, ambazo hakuna binadamu amewahi kuzifungua. Hizo ni kilo 14. Na kwa kuwa kila kitu kina nakala, ni kilo 28, zaidi ya kikomo cha mtu mmoja. Aliyeandika mstari wa kuhifadhi kila kitu milele hakuwahi kumwona aliyekwenda kuzibeba. Kwenye mpango wa mfumo tunapojadili data ikae siku 30 au miaka 7, kuna mtu wa mkokoteni kwenye ile meza, ila hajapewa kiti.

Mwisho, nimeandika kipande cha zabuni ambacho mwenye kukitaka akichukue bure. Nimekipeleka kwa watu wawili wa ununuzi ninaowajua. Mmoja alicheka, mmoja alikiweka kama kilivyo na wauzaji wakajibu bila shida, kumbe walikuwa wanangoja tu kuulizwa. Ni hiki:

"Mzabuni ataje uzito wa kifaa kwa kilo, kikiwa kimejaa na kikiwa kitupu. Kifaa chochote kinachozidi kilo 23 kitainuliwa na watu wasiopungua wawili, na kinachozidi kilo 46 kitainuliwa kwa jeki ya seva itakayoletwa na mzabuni. Diski na vifaa vya umeme vitatolewa kabla ya kuinua. Majina ya wote watakaobeba, wakiwemo vibarua, yataandikwa na kukabidhiwa siku moja kabla, pamoja na uthibitisho wa bima yao. Kifaa kitafungwa katika nafasi ya chini kabisa iliyopo kwenye raki, na mzabuni atakagua raki kabla ya siku ya kazi."

Mkiona panapohitaji kurekebishwa, hasa nyinyi wanasheria, rekebisheni. Hizo kilo 46 ni 23 mara mbili, msizipandishe.